Pikipiki safi, wanunuzi hawaonekani: Kipatimu wana jibu

MPENZI msomaji, wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke pembeni kidogo, tuzungumze chuma. Nina maana ya pikipiki, chombo ambacho wewe unayesoma hapa ukiwa Kariakoo, Mwenge au Mbagala unakipanda karibu kila siku bila kujiuliza kimetoka kwa nani.

Swali ambalo vijana wengi wananitupia ni hili: kama mafundi wetu wa Gerezani wanaweza kuchonga gia, kuunga fremu na kufufua injini iliyokwisha kukata roho, kwa nini tusiwe na pikipiki yetu wenyewe? Tena wapo waliojaribu, hapa hapa Afrika Mashariki na huko Ulaya. Wengine walitoa chombo cha nguvu kweli kweli, lakini wanunuzi wakapita mbele ya duka kana kwamba hawaoni kitu. Kulikoni?

Jibu mimi nasema liko Kipatimu, wala haliko kwa mtu mwenye tai anayekaa ghorofani.

Kwa wale ambao ramani ya Kusini inawapiga chenga, shika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam, vuka daraja la Mkapa pale Rufiji, pita Somanga, halafu ukifika Njianne katika kata ya Tingi unakunja kulia. Kutoka hapo ni kama kilometa 50 kuelekea milima ya Matumbi, unapitia Chumo mpaka unaingia Kipatimu. Kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Huko kuna machungwa, ufuta, korosho, misheni na hospitali yake, na kuna vijana wa bodaboda ambao hawana muda wa porojo.

Kaa kijiweni kwao nusu saa tu uhesabu zinazopita. Utaona Boxer, utaona TVS, utaona za Kichina kama SanLG. Jina jingine jipya utalitafuta kwa tochi. Si kwamba vijana wa kule hawana habari. Simu wanazo, picha za pikipiki za ajabu ajabu wanaziona kila siku. Wanazitazama, wanazisifia, halafu msimu wa korosho ukilipa wanakwenda kununua Boxer.

MASWALI MANNE YA KIJIWENI

Mwenye kiwanda anapokuja na pikipiki yake mpya huwa anaeleza nguvu ya injini, uzuri wa taa na rangi za tangi. Mnunuzi wa Kipatimu ana maswali yake manne, na hakuna hata moja linalohusu rangi.

La kwanza: spea nitaipata wapi? La pili: fundi gani anaijua? La tatu: siku nikikwama nikataka kuiuza, nani atainunua na kwa bei gani? La nne: nani atanikopesha?

Boxer inajibu yote manne kabla hujamaliza kuuliza. Plagi, cheni, tyubu na kebo ya klachi vinauzwa mpaka kwenye duka la sukari na mafuta ya taa. Fundi aliye chini ya mwembe ameifungua na kuifunga mara nyingi hata usiku anaweza kuifanyia kazi kwa kupapasa. Kuiuza ni suala la nusu saa, maana kila mtu kijiweni anajua bei yake ya mtumba. Na matajiri wanaowapa vijana pikipiki kwa mkataba wanaitaka hiyo hiyo, kwa sababu wanajua itarudisha fedha yao.

Sasa mlete mtengenezaji mdogo na chombo chake. Spea ziko kiwandani kwake. Fundi anayeijua ni yeye mwenyewe na wasaidizi wake wawili. Bei ya mtumba haipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiuza. Mkopo hatoi, kwani na yeye mwenyewe anadaiwa. Hata angeipaka dhahabu, kijiwe kitamwambia "bomba sana kaka", kisha kitamsindikiza mpaka njia panda.

TUPIGE HESABU

Wengi mjini wanadhani watu wa vijijini wananunua kwa bei ndogo tu, basi. Ingekuwa hivyo mambo yangekuwa mepesi. Tupige hesabu kidogo, chukua kalamu.

Tuseme pikipiki ni shilingi milioni 3, na Boxer mpya haichezi mbali sana na hapo. Tajiri anamkabidhi kijana kwa mkataba wa kuleta sh 10,000 kila siku kwa mwaka mzima. Ukizidisha kwa siku 365 unapata sh 3,650,000. Mwaka ukiisha, chombo ni cha kijana. Huu ndio mlango wa maisha kwa masela wengi, mjini na vijijini.

Lakini mkataba hauna sikukuu. Pikipiki ikilala, deni haliko usingizini. Sasa chukua pikipiki mpya ya kampuni changa, inayouzwa pungufu kwa sh 300,000. Unaona umeula! Ikiharibika mara tatu kwa mwaka, na kila mara spea ikachukua siku 10 kufika kutoka Dar, hizo ni siku 30 bila kazi. Siku 30 kwa sh 10,000 ni sh 300,000. Punguzo lote limeliwa, tena hujahesabu bei ya spea yenyewe, nauli ya kuituma na chakula cha nyumbani kwa siku zote hizo.

Kwa hiyo kijana wa Kipatimu anaposema "hiyo siitaki" hana ushamba wowote. Amekwisha kupiga hesabu kichwani, tena haraka kuliko mimi na kalamu yangu.

Kisha usisahau kwamba njia yenyewe inaweza kukatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani ya Kusini, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Kilwa na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Wakati kama huo, spea iliyo Dar ni sawa na spea iliyo mwezini. Anayefanya kazi ni yule ambaye spea yake imo tayari kwenye duka la jirani.

Na watu wa huku, mpenzi msomaji, si wa kupelekeshwa. Mwaka 1905 pale Nandete, Umatumbini huku huku, waling'oa mipamba ya Mjerumani iliyokuwa ikiwatoa jasho bila faida, na hapo ndipo Vita vya Majimaji vilipowaka. Mtu ambaye babu yake aling'oa pamba isiyolipa hawezi kununua pikipiki isiyolipa eti kwa sababu ya tangazo.

WAHOLANZI NA KIBO YAO

Msidhani nasema mambo ya kufikirika. Nenda Nairobi.

Katikati ya miaka ya 2010 ilianzishwa huko kampuni iitwayo Kibo. Walioiunda ni Waholanzi, na wazo lao lilikuwa la maana kabisa: pikipiki nyingi zinazoletwa Afrika zimebuniwa kwa ajili ya lami, wakati huku kwetu zinabeba mizigo na abiria kwenye mashimo. Basi wao wakachora pikipiki ya cc 150 kwa ajili ya njia zetu, yenye fremu ngumu na umbo la kibabe. Wakaiita K150, wakaiunganisha Nairobi. Hawakuishia hapo. Mafunzo ya udereva salama na vifaa vya kujikinga navyo viliingizwa kwenye mpango wao.

Ukiitazama, mwenyewe unatamani. Lakini bei! Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Boxer. Bodaboda wa Nairobi akaitazama, akapiga hesabu ile ile ya Kipatimu: kwa fedha ya Kibo moja napata Boxer mbili, moja naendesha, nyingine nampa mdogo wangu, na chenji inabaki. Kibo ikapata wapenzi wake miongoni mwa mashirika na watu wenye uwezo, lakini kijiwe, ambacho ndicho kilichokusudiwa tangu mwanzo, hakikugeuka.

Hivi kosa lao lilikuwa nini? Kuthamini usalama ni kosa? Hapana. Tatizo ni kwamba usalama na uimara ni faida inayoonekana baada ya miaka, na hesabu ya tajiri inadaiwa jioni. Mtu asiye na akiba hawezi kununua kitu cha miaka kumi, hata akijua ni bora. Ananunua kitakachomvusha mwaka huu.

Jirani yake ni Mobius, kampuni iliyotengeneza magari ya njia mbovu huko huko Kenya. Nayo ilikuwa na wazo zuri: gari gumu, rahisi, lisilo na madoido. Lakini kwa fedha hiyo Mkenya alikuwa anaweza kupata Toyota ya mtumba kutoka Japani, yenye kiyoyozi na jina. Agosti 2024 Mobius ilitangaza kufunga kazi, na muda mfupi baadaye ikasema imepata mnunuzi wa kuichukua. Wazo zuri peke yake halilipi mishahara.

KWA NINI MDOGO LAZIMA AWE GHALI

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi. Wanasema mtengenezaji mdogo ni mroho ndiyo maana bei yake iko juu. Si kweli.

Tuseme kalibu ya kukandamizia tangi la mafuta imegharimu shilingi milioni 100. Ukitoa pikipiki 500, kila moja inabeba sh 200,000 za kalibu hiyo. Ukitoa pikipiki 500,000, kila moja inabeba sh 200 tu. Kalibu ni ile ile, chuma ni kile kile. Hapo hatujagusa injini, taa wala gharama za kupimwa ubora. Sasa kampuni ya Bajaj ya India, yenye Boxer, hutengeneza pikipiki kwa mamilioni kila mwaka. Mdogo atashindana naye kwa bei vipi? Hata akifanya kazi bila kula, haiwezekani.

Matokeo yake mdogo anaingia kwenye mduara mbaya. Bei iko juu kwa sababu anauza chache, na anauza chache kwa sababu bei iko juu. Hana duka Kilwa kwa sababu hana wateja Kilwa, na hana wateja Kilwa kwa sababu hana duka. Ni kuku na yai, isipokuwa benki haikopeshi kuku wala yai.

ALIYEKIMBIA KULIKO WOTE

Kuna wanaosema dawa ni kutengeneza pikipiki bora kupita zote, hapo wateja watakuja wenyewe. Hao nawapa mchapo wa Mwingereza Philip Vincent.

Kampuni yake ndogo huko Stevenage ilitengeneza pikipiki zilizotingisha dunia. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Rollie Free, alilala kifudifudi juu ya Vincent kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville akiwa amevaa kaptula ya kuogelea tu, ili upepo usimshike, akapita kwa kasi ya zaidi ya kilometa 240 kwa saa. Picha yake ni moja ya picha maarufu mno katika historia ya pikipiki. Kwa wakati huo, nani angebisha kwamba Vincent ni mbabe?

Mwaka 1955 kampuni ikaacha kutengeneza pikipiki. Sifa zilikuwepo, picha zilikuwepo, wapenzi walikuwepo mpaka leo. Lakini pikipiki moja ilikuwa inatengenezwa kwa gharama kubwa, na watu wa kawaida walitaka chombo cha bei nafuu cha kuwapeleka kazini. Kusifiwa na kununuliwa ni mambo mawili. Hata dada zetu wazuri wanalijua hilo.

MJAPANI ALIYEANDIKA BARUA

Sasa tumtazame aliyeshinda, maana na yeye alianza akiwa mdogo.

Mwaka 1946, Japani ikiwa imetoka kupigwa vitani, Soichiro Honda alichukua vijiinjini vya jenereta vilivyobaki jeshini akaanza kuvifunga kwenye baiskeli. Mwaka 1948 akasajili kampuni. Wakati huo na katika miaka ya 1950, Japani ilikuwa na watengenezaji wa pikipiki wapatao 200, kila mtaa na jina lake. Leo wakubwa wamebaki wanne: Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki. Wengine wote walikwenda na maji.

Kilichomwokoa Honda ni zaidi ya ufundi. Mwenzake wa mambo ya biashara, Takeo Fujisawa, alijua hawana maduka ya pikipiki nchi nzima. Mwaka 1952 walipotoa injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, aliandika barua kwa wenye maduka ya baiskeli Japani nzima, karibu 50,000 kwa hesabu. Akawaambia: nyie mnaowahudumia wateja tangu zamani, uzeni na hii. Maelfu wakakubali. Kwa mpigo mmoja Honda akapata duka, fundi na mtu anayeaminika katika kila kijiji, bila kujenga hata ukuta mmoja.

Unaona hapo? Fujisawa alijibu maswali ya kijiweni. Spea wapi? Kwa yule unayemjua. Fundi nani? Yule yule. Miaka sita baadaye, 1958, ikatoka Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na makuu, na kufikia 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimevuka milioni 100. Hakuna chombo cha moto kingine kilichofikia hapo.

JINA NI MALI

Hapa kwetu jina likishika, limeshika. Sheria ya usafirishaji iliporekebishwa mwaka 2009 na kanuni za pikipiki na bajaji kutoka mwaka 2010, bodaboda ikawa biashara halali na pikipiki za Kichina zilikuwa tayari zimejaa. Toyo ilienea mpaka kuna mikoa ambako watu waliacha kusema bodaboda wakasema "toyo". Bajaji nayo ni jina la kampuni, lakini leo hata mtoto anaiita bajaji hata kama imetoka China.

Jina baya nalo linashika vile vile. Pikipiki ikiitwa kimeo kijiweni leo asubuhi, jioni habari iko Njianne, kesho iko Nangurukuru. Kampuni kubwa ikitoa toleo moja baya, inatoa jingine na maisha yanaendelea. Mdogo hana toleo la pili. Pikipiki yake ya kwanza kupanda mlima wa Chumo na abiria wawili na gunia la machungwa ndiyo tangazo lake au msiba wake.

Na si utani, ndugu zangu. Chombo hicho hicho ndicho kinachombeba mama mjamzito usiku kwenda hospitali ya misheni pale Kipatimu. Dereva anayekabidhiwa roho mbili kwa mpigo hawezi kuzifanyia majaribio ya bidhaa mpya. Atachukua kile ambacho kikizimika gizani, anajua akiguse wapi. Ukilielewa hili, utaacha kuwacheka watu kwa kung'ang'ania chapa moja.

ZA UMEME JE?

Kuna wanaodhani umeme utabadilisha mchezo, na mimi nakubali kwa nusu.

Ampersand ilianza biashara Kigali mwaka 2019 kwa pikipiki za umeme ambazo dereva habaki akisubiri kuchaji. Anaingia kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Nairobi nako Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus, ilifungua kiwanda kikubwa cha kuunganishia mwaka 2023. Hawa wamepata wateja pale ambapo Kibo ilikwama, na sababu yake inaeleweka: wameibadilisha hesabu ya kila siku. Kama betri ni nafuu kuliko petroli, dereva anaona faida jioni ile ile, hangoji miaka kumi.

Lakini tazama wanakofanya kazi: Kigali, Nairobi, mijini, ambako kituo cha betri hakiko mbali na kingine. Sasa mpeleke dereva Kipatimu, betri ikimwishia katikati ya Chumo na nyumbani. Petroli angeikuta kwenye chupa ya maji juu ya meza ya mama mmoja kando ya njia. Betri iliyojaa ataikuta juu ya meza ya nani? Mpaka mtu atakapojibu swali hilo, vijana wa Matumbi wataendelea kununua petroli ya chupa, na sitawalaumu.

SISI TULIFIKA WAPI

Tanzania nayo iliwahi kuthubutu. Wazee wetu wanaikumbuka baiskeli ya Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO. Kibaha kuna mradi wa jeshi uliotupatia lori la Nyumbu. SIDO imekuwepo tangu 1973 kusaidia viwanda vidogo, na kila Nanenane huwakosi vijana walioleta mashine walizobuni wenyewe, watu wanazizunguka, wanapiga picha, wanasema "Watanzania tunaweza".

Halafu wanaondoka na kwenda kununua ya kigeni. Mpaka Swala ilipopotea barabarani, Phoenix ya Mchina ilikuwa imejaa kila kijiji, na spea zake pia.

Mimi siwaungi mkono wanaosema tuwalazimishe watu kununua cha nyumbani kwa uzalendo. Uzalendo ni kitu kizuri siku ya mechi ya Taifa Stars. Dereva mwenye mkataba wa sh 10,000 kwa siku huwezi kumwambia awe mzalendo peke yake wakati wenye vyeo wanatembelea magari ya Kijapani. Kama serikali inataka pikipiki ya nyumbani iuzike, inunue yenyewe kwanza. Ina mabwana shamba, ina wauguzi, ina watendaji wa kata wanaopanda pikipiki kila siku. Pikipiki mia chache za serikali ndani ya wilaya moja zingetosha kuwafundisha mafundi, kujaza spea madukani na kuzaa bei ya mtumba. Kijiwe kingeona, kikazoea, kikanunua.

MTENGENEZAJI ANAYEUZA KIPATIMU

Kuna jambo moja ambalo wenye ndoto kubwa hawalioni. Kipatimu tayari kuna watengenezaji wadogo wenye wateja! Nani? Mafundi wa kuchomelea.

Boxer inatoka dukani na keria ya kiwandani, ambayo haikufikiriwa kwa gunia la machungwa. Kijana akishainunua anaipeleka kwa fundi, anafungiwa keria ndefu ya nondo, anaongezewa vyuma vya kulinda injini na miguu, anawekewa vya kukanyagia abiria vilivyo imara zaidi. Hakuna anayeuliza keria hiyo ni chapa gani. Fundi yupo, ikikatika anaunga saa ile ile, bei mnapatana, na kama huna yote unalipa nusu, nyingine baada ya ufuta. Yaani maswali yote manne yamejibiwa na mtu mwenye miwani ya kuchomelea na waya wa umeme.

Huyo, kwa maoni yangu, ndiye mwanzo wa pikipiki ya Tanzania kuliko yule mwenye michoro mizuri kwenye kompyuta. Honda alianza na injini ya kubandika kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Anza na keria. Kisha toa stendi, toa fenda isiyovunjika, toa siti, toa spea inayoingia kwenye Boxer na TVS bila matatizo. Jina lako lizoeleke kwenye vitu vidogo, ili siku utakapoleta kubwa watu wasiulize wewe ni nani.

Na ukifika siku hiyo, usiende kutafuta wateja nchi nzima. Chagua wilaya moja tu. Weka spea kabla ya kuweka pikipiki. Wape mafundi watatu mafunzo na zana, siyo fulana zenye nembo. Tangaza kwamba yeyote atakayetaka kuiuza ndani ya mwaka mmoja, wewe mwenyewe utainunua kwa bei iliyoandikwa. Hapo umemjengea mtu bei ya mtumba kabla mtumba haujakuwepo. Halafu tafuta chama cha akiba na mikopo kikubali kukopesha, na malipo yafuate msimu wa ufuta na korosho, kwa sababu fedha ya huku ina majira yake.

Itakuwa polepole? Ndiyo. Utauza pikipiki 40 wakati mwenzako anauza 40,000. Lakini hizo 40 zitakuwa zinatembea, na pikipiki inayotembea inaongea yenyewe kila inapopita kijiweni.

Kijana mwenzangu unayechora pikipiki kwenye daftari la chuo, michoro yako nimeiona, ni mizuri. Sasa funga daftari, panda basi la Kusini, shuka Njianne, tafuta bodaboda mpaka Kipatimu. Njiani muulize dereva ameshabadilisha nini tangu ainunue hiyo anayoendesha, na alilala siku ngapi kwa kukosa spea. Atakayokwambia ndiyo hesabu ya kuanzia kazi yako.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.